Mbwa Anayejikuna: Jinsi ya Kupima Mzio wa Chakula kwa Wiki Nane

Mbwa mwenye mzio wa chakula hajikuni kwa sababu analishwa chakula cha bei rahisi, wala kwa sababu ya "protini nyingi". Anajikuna kwa sababu kinga ya mwili wake imeikataa protini fulani, na mara nyingi ni ileile aliyoila kila siku kwa miezi au miaka bila shida yoyote. Ndiyo maana wenye mbwa wengi hukwama. Wanatafuta kitu kipya kilichoingia nyumbani wiki iliyopita, kumbe mkosaji yumo ndani ya sufuria tangu mbwa akiwa mtoto.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yaliwakusanya mbwa 297 wenye mzio wa chakula uliothibitishwa. Nyama ya ng'ombe ilihusika kwa asilimia 34, maziwa na bidhaa zake 17, kuku 15, ngano 13 na kondoo 5. Mahindi, samaki na mchele vilikuwa chini ya hapo. Ila soma namba hizo kwa uangalifu: mbwa hupata mzio wa kile anacholishwa, na hao hawakulelewa kwa ugali wa dagaa. Zinakuonyesha pa kuanzia kushuku, si jibu la mbwa wako.

Jibu lake halipatikani maabara. Vipimo vya damu, mate na nywele vinavyouzwa kwa ajili ya mzio wa chakula haviaminiki: mbwa mzima huonekana mgonjwa, na mgonjwa huonekana mzima. Kipimo kinachotegemewa ni kimoja tu. Unaondoa vyakula vyote vya zamani, unasubiri, kisha unavirudisha uone kama muwasho unarudi. Hatua ya mwisho ndiyo watu huiruka, na bila hiyo hujapima kitu.

Kwanza hakikisha si viroboto, utitiri wala fangasi

Mbwa wengi wanaojikuna hawana mzio wa chakula. Ukianza na sufuria kabla ya kukagua ngozi, utapika wiki nane bure.

Angalia anapojikuna. Mzio wa mate ya viroboto hushika mgongo wa chini, shina la mkia na nyuma ya mapaja. Mzio wa chakula hupenda masikio, nyayo, kwapa, kinena, tumbo na eneo la kuzunguka njia ya haja kubwa. Huwa hauchagui msimu, na baadhi ya mbwa hupata haja mara nyingi kwa siku, hujamba sana au huburuza makalio sakafuni. Mzio wa vumbi na poleni nao hushika sehemu hizohizo, kwa hiyo kwa macho peke yake huwezi kuvitenganisha hivi viwili. Umri husaidia kidogo: muwasho ulioanza kabla ya mwaka mmoja, au ulioanza ghafla kwa mbwa wa miaka saba na kuendelea, unaifanya hoja ya chakula iwe nzito zaidi. German Shepherd na Labrador, ambao wamejaa majumbani Nairobi na Dar es Salaam, ni miongoni mwa aina zinazoonekana mara nyingi katika orodha za wagonjwa hawa.

Kwa viroboto, chana manyoya ya juu ya mkia kwa kitana chenye meno ya karibu, kisha kung'uta uchafu juu ya karatasi nyeupe iliyolowa maji. Punje nyeusi zikitoa rangi ya kahawia nyekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu iliyomeng'enywa. Kwa utitiri wa upele, tazama kingo za masikio, viwiko na vifundo vya miguu ya nyuma. Sugua ukingo wa sikio kati ya vidole viwili; mguu wa nyuma ukianza kupiga hewani kama anajikuna, shuku upele, hasa kama na watu wa nyumbani wana vipele vinavyowasha. Daktari wa mifugo akwangue ngozi na kuiangalia kwa hadubini, lakini ajue kwamba utitiri huu hujificha, na kipimo kikikosa kuuona haimaanishi haupo.

Dawa za kundi la fluralana na afoksolana huua viroboto, kupe na utitiri kwa pamoja. Tatizo ni kwamba vidonge vyake vya kutafuna hutiwa ladha ya nyama au ini, na vingine vina soya. Mpe kidonge wiki chache kabla ya kuanza chakula kipya, au tafuta ya kudondoshea shingoni. Mbwa mwenye historia ya kifafa asipewe bila kuzungumza na daktari. Mtibu kila mbwa na paka wa nyumba hiyo, si yule anayejikuna peke yake.

Kuna mambo mawili ya mtaani ambayo lazima yaachwe. Kumpaka mbwa oili chafu ya gari ni kumpa sumu, maana atailamba. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe haipimwi kwa macho ndani ya ndoo ya mbwa; amitrazi, sumu ya kupe iliyomo katika baadhi ya dawa hizo, ikizidi humlegeza mbwa, hushusha mapigo ya moyo na inaweza kumuua.

Kisha maambukizi. Ngozi iliyokunwa kwa muda mrefu huota bakteria na fangasi, na hao nao huwasha kwa nguvu zao wenyewe. Ukisikia harufu ya ukakasi kama maziwa yaliyochacha, ukaona ngozi imekuwa nyeusi, nene na yenye mafuta, hasa kwapani na kati ya vidole, fangasi wameshakaa. Tumia shampuu ya klorheksidini ya asilimia 2 hadi 4, iliyochanganywa na mikonazoli kama kuna fangasi. Muogeshe mara mbili kwa wiki na uache povu likae dakika 10 kamili, ukitazama saa, kabla ya kusuuza. Dakika mbili hazifanyi kazi. Masikio yenye usaha au harufu yanahitaji dawa yake. Usimwage shampuu humo.

Ngozi mbaya ya ugali na pumba

Hapa kwetu lipo tatizo ambalo miongozo mingi ya nje hailitaji. Mbwa anayelishwa dona na pumba kwa mchuzi wa mifupa, mwezi baada ya mwezi, anaweza kuwa na manyoya makavu, magamba na nyayo zilizopasuka bila kuwa na mzio wowote. Anakosa protini, mafuta na zinki. Pumba na nafaka isiyokobolewa zina fitati, kemikali inayoishika zinki tumboni isifyonzwe. Dalili yake ni ngozi kuwa na magamba magumu kuzunguka macho, mdomo na kwenye nyayo.

Mbwa huyo ukimhamishia nyama na viazi, atapendeza. Mwenye mbwa atashangilia kwamba "alikuwa na aleji ya ugali", na mbwa atanyimwa mahindi maisha yake yote bila sababu. Tofauti kati ya hali hizi mbili hujitokeza wakati wa kurudisha chakula cha zamani. Mzio hurudi ndani ya saa au siku chache. Upungufu wa lishe huchukua wiki nyingi kuonekana tena.

Chagua protini ambayo hajawahi kuila

Keti na kila anayemlisha mbwa na muandike kila kilichowahi kupita mdomoni mwake: nyama, mapupu, utumbo, vichwa vya dagaa, mayai, maziwa ya chai, mkate, chapati, makombo ya biriani, biskuti za mbwa, vidonge vyenye ladha. Protini ya majaribio isiwe kwenye orodha hiyo.

Wengi hukimbilia mbuzi. Mbuzi ni chaguo dhaifu kama mbwa amekula ng'ombe, kwa sababu protini za wanyama wanaocheua zinafanana kiasi cha mwili kuzichanganya. Ni vivyo hivyo kwa bata na bata mzinga kama amezoea kuku. Samaki mbichi wa sokoni angefaa, lakini mbwa aliyekulia kwenye dagaa hana samaki mgeni.

Kinachobaki na kupatikana kirahisi ni sungura. Nguruwe naye anafaa kama mbwa hajawahi kumla, kwa nyumba inayomruhusu. Nunua mnofu mbichi usio na mafuta, si kitimoto cha kukaanga chenye chumvi na vitunguu. Kaskazini mwa Kenya ngamia hupatikana, ila mkumbuke kwamba naye hucheua, hata kama undugu wake na ng'ombe ni wa mbali.

Sungura ununue mzima, aliyechinjwa na kusafishwa. Nyama iliyokatwa kwenye gogo la bucha na msumeno uliotoka kukata ng'ombe imeshachafuka.

Kwa wanga, chagua viazi vitamu, na kama amevizoea sana, viazi mviringo au ndizi za kupika. Muhogo nao unawezekana ukimenywa, ukikatwa vipande, ukilowekwa na kuchemshwa hadi ulainike kabisa na maji yake kumwagwa. Muhogo mchungu usiuguse.

Njia ya pili ni chakula cha dukani chenye protini iliyovunjwavunjwa vipande vidogo mno kiasi kwamba kinga ya mwili haivitambui. Kliniki kubwa za mifugo mijini huwa nacho au hukiagiza. Ni ghali, lakini kina virutubisho vyote, na kwa mtoto wa mbwa anayekua au mbwa mjamzito hiki ndicho cha kutumia. Mapishi yaliyo hapa chini ni ya mbwa mzima tu, yaani aliyekwisha kukua. Chakula hicho usidhani ni sawa na mifuko ya kawaida iliyoandikwa "sungura" au "kwa ngozi nyeti". Vyakula vingi vya aina hiyo vilipopimwa vilikutwa na protini ambazo hazikutajwa kwenye lebo.

Mapishi na vipimo

Kwa mbwa mzima wa kilo 10 aliyehasiwa na mwenye shughuli za kawaida, ambaye anahitaji takriban kilokalori 630 kwa siku:

- mnofu wa sungura uliopikwa, usio na mfupa: gramu 150
- viazi vitamu vilivyomenywa na kuchemshwa: gramu 350
- mafuta ya alizeti yaliyosafishwa: vijiko 2 vya chai
- unga safi wa kalsiamu kaboneti usio na ladha: gramu 2

Kwa mbwa wa kilo 25 tumia gramu 300 za mnofu, gramu 650 za viazi, vijiko 4 vya chai vya mafuta na gramu 4 za kalsiamu. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni. Mbwa wa kilo 25 hahitaji chakula mara mbili na nusu ya yule wa kilo 10, kwa hiyo usizidishe kwa uzito peke yake. Mpime kila wiki. Akipungua zaidi ya asilimia 5, ongeza kila kitu kwa sehemu moja ya kumi. Mbwa wa ulinzi anayezunguka usiku kucha atahitaji nyongeza hiyo mapema.

Chemsha sungura kwa maji matupu hadi nyama iachane na mfupa. Hakuna chumvi, kitunguu, kitunguu saumu wala unga wa viungo vya mchuzi. Vitunguu vyote huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na viungo vya pakiti huwa na dondoo za nyama. Toa mifupa yote, hata ile midogo ya mbavu, kwa kuwa mfupa uliopikwa huvunjika kwa ncha kali. Papasa nyama kwa vidole kabla ya kupima. Supu yake unaweza kuimwagia viazi.

Fanya hesabu kabla ya kuanza. Nyama hupoteza karibu robo ya uzito ikipikwa, hivyo mbwa wa kilo 25 anahitaji takriban gramu 400 za mnofu mbichi kwa siku, yaani kilo 22 na ushee kwa wiki nane. Sungura aliyechinjwa wa kilo moja na nusu hutoa kama kilo moja ya mnofu. Basi ni sungura 22 au 23. Ongea na mfugaji mapema akuwekee; jaribio likikatika wiki ya tano kwa kukosa nyama, unaanza upya. Pika ya siku tatu uweke kwenye friji, nyingine igandishe ikiwa imegawanywa.

Wiki nane zenyewe

Hamia taratibu kwa siku 5 hadi 7, robo ya chakula kipya, nusu, robo tatu, kisha chote. Wiki ya kwanza inahesabiwa kuanzia siku aliyokula chakula kipya pekee.

Tengeneza daftari. Kila Jumapili jioni mtu mmoja yuleyule ampe mbwa alama za muwasho kutoka 0 hadi 10: 0 ni mbwa mzima, 5 anajikuna mara kadhaa kwa siku lakini anaacha akiitwa, 10 hawezi kula wala kulala. Andika pia hali ya masikio, idadi ya haja kubwa kwa siku na uzito. Piga picha za kwapa, nyayo na tumbo kwenye mwanga uleule. Kumbukumbu ya kichwa hudanganya, hasa baada ya kutoa pesa nyingi.

Katika wiki 5 zaidi ya asilimia 80 ya mbwa wenye mzio wa chakula huwa wamepata nafuu. Kufikia wiki 8 ni zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo wiki tatu za kujaribu hazikuambii lolote. Tumbo hutangulia, mara nyingi ndani ya wiki mbili. Ngozi hufuata polepole.

Muwasho ukiwa mkali mwanzoni, daktari anaweza kumpa vidonge vya kutuliza muwasho, prednisoloni au oklasitinibu, kwa wiki mbili tatu ili alale. Hilo halivunji jaribio, alimradi dawa ikome na mbwa aangaliwe angalau wiki mbili bila dawa kabla ya kutoa hukumu. Kinachovunja ni sindano ya steroidi ya kukaa muda mrefu, ambayo kwenye maduka mengi ya dawa za mifugo huchomwa kama "sindano ya muwasho". Athari yake hudumu wiki kadhaa, na hutajua kilichomtuliza ni sungura au ni sindano. Kama alichomwa juzi, subiri kwanza.

Pale ambapo majaribio mengi huvuja ni getini. Mlinzi humrushia mbwa kipande cha chapati saa tisa usiku kwa sababu ndiye mwenzake wa zamu, na si kwa ubaya. Kumkataza hakutoshi, mwachie kikopo cha vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ampe hivyo. Dada wa kazi, watoto na wageni waelezwe wote siku moja, na karatasi ibandikwe mlangoni mwa jiko. Mtoto anayekula mkate akitembea ni hatari kuliko mkate wenyewe.

Ziba na njia nyingine: bakuli la paka, kinyesi cha kuku uani, pipa la taka, jalala la jirani, sufuria zilizowekwa chini zisuguliwe. Kama hutoka kuzurura, afungwe au atembezwe kwa kamba kwa wiki zote nane. Kama hilo haliwezekani nyumbani kwako, usianze. Dawa ya minyoo chagua isiyo na ladha, na vidonge vya mafuta ya samaki viache kwanza, kwa kuwa ganda lake la jelatini mara nyingi hutokana na ng'ombe au nguruwe.

Akiiba kitu usikate tamaa. Andika tarehe, kiasi na kitu chenyewe. Muwasho ukipanda ndani ya siku chache, umepata fununu ya bure. Endelea na uongeze wiki mbili mwishoni.

Kurudisha chakula cha zamani

Wiki ya nane imeisha, alama zimeshuka kutoka 7 hadi 2. Sasa mrudishie chakula chake cha zamani, kilekile, kwa hadi siku 14. Wenye mbwa hulichukia jambo hili, na inaeleweka. Lakini nafuu inaweza kuwa imetokana na shampuu, dawa ya viroboto, mvua kuisha au lishe bora. Muwasho ukirudi, acha mara moja na umrudishe kwenye sungura. Atatulia, kwa kawaida ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Umethibitisha mzio. Usiporudi kwa siku 14, chakula hakikuwa kisa.

Baada ya hapo tafuta mkosaji mmoja mmoja. Chakula cha msingi kinabaki sungura na viazi, na juu yake unaongeza kitu kimoja kwa siku 14, kisha unakitoa. Kwa mbwa wa kilo 10: nyama ya ng'ombe iliyochemshwa gramu 50 badala ya kiasi hichohicho cha sungura, au kuku gramu 50, au ugali mtupu gramu 100 badala ya sehemu ya viazi, au dagaa waliooshwa mchanga kijiko kimoja cha mezani. Ngano ipime kwa tambi za maji zisizo na yai, si kwa mkate, kwa sababu mikate mingi ina maziwa. Maziwa yenyewe mpe mililita 50. Akiharisha tu bila kujikuna, yaelekea ni laktosi, yaani sukari ya maziwa, na si mzio. Anza na ng'ombe, maana akipita hapo umefungua mlango wa chakula rahisi zaidi. Mbwa anaweza kuwa na mzio wa vitu viwili au vitatu, kwa hiyo usisimame kwenye cha kwanza.

Kama wakati wowote uso wake utavimba, atatapika mfululizo au atapumua kwa shida, hilo si la kuandika daftarini. Mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo.

Chakula cha kudumu

Sungura, viazi, mafuta na kalsiamu vinamtosha mbwa mzima kwa wiki nane. Havimtoshi kwa mwaka. Vinakosa zinki ya kutosha, shaba, iodini na vitamini D. Ukishajua anachokivumilia, ama tafuta chakula kamili cha dukani kisicho na mkosaji, ama mwombe daktari wa mifugo akupangie mchanganyiko wa madini na vitamini wa kuongeza kwenye mapishi, usio na ladha ya nyama. Mbwa aliyegundulika na mzio wa ng'ombe peke yake ana bahati: kuku, dagaa, wali na ugali vinaweza kurudi kwenye bakuli, na gharama inashuka sana.

Mbwa ambaye hakupata nafuu yoyote kwa wiki nane zisizo na uvujaji, yaelekea ana mzio wa vumbi, utitiri wa nyumbani au poleni, na huyo hutibiwa kwa njia nyingine kabisa. Yule aliyepata nafuu nusu, alama kutoka 8 hadi 4, huenda ana vyote viwili. Mwondolee chakula kinachomdhuru kwanza, kisha daktari ashughulikie kilichobaki. Mara nyingi dozi ya dawa inayohitajika huwa ndogo kuliko ya awali.